Kipimo cha Kipa

Watu wote waliiona mechi yake ya kwanza isipokuwa yeye.

Alikumbuka kufunga glovu kwenye korido ya uwanja. Alikumbuka harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi ile, na mwamuzi akipitisha kidole kwenye soli za njumu zake. Baada ya hapo, weupe. Na baada ya weupe, maji ya bafuni yakimpiga mgongoni na wenzake wakiimba jina ambalo hakuwahi kulisikia: "Sumaku! Sumaku!" Aliosha sabuni machoni, akageuka kutafuta huyo Sumaku ni nani. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Kati ya korido na bafu ilikuwamo mechi nzima. Ilikuwa mechi yake, na hakuwa nayo.

Aliiona kesho yake, katika chumba cha kunyolea cha kaka yake. Kaka alikuwa kinyozi. Chumba kilikuwa kimoja, na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kibovu. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, na harufu ya spiriti na poda haikutoka hata mlango ukiachwa wazi siku nzima. Kaka alikuwa ameiegemeza simu kwenye kopo la vichanuo, na mteja, mzee mmoja mnene aliyefungwa shuka shingoni, alilazimika kutazama atake asitake.

"Tazama krosi hii, mzee wangu," kaka alisema, mashine ikinguruma hewani badala ya kichwani. "Wewe ungeitokea?"

"Mimi? Ningekwenda nyumbani."

"Yeye katoka! Ona. Goti hilo la mshambuliaji, la sikio! Mtu mwingine angelala pale mpaka kesho. Yeye anainuka, anajipangusa, anaomba mpira wake."

"Huyu si ndiye aliyekuwa anakufagilia nywele hapa?"

"Ndiye. Na alikuwa anafagia vibaya. Nilimfukuza mwenyewe, nikamwambia nenda kadake mipira, labda huko utafaa."

Mzee alicheka hadi shuka likatikisika. Kaka akasogeza picha mbele. "Sasa penalti. Nyamazeni wote."

Hakukuwa na mwingine wa kunyamaza ila Sumaku. Alisimama nyuma ya kiti, akamwona kijana mrefu wa jezi ya njano akicheza juu ya mstari wa goli. Akamwona akiruka kushoto, akaona mpira ukimpiga kiganjani na kutoka nje. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele: "Amekwenda kama mtu aliyeambiwa na mpira wenyewe! Kamngojea, kamngojea, kamnyima!" Kijana yule wa njano aliinuka na kujipiga kifua. Sumaku alimwonea wivu.

"Unajisikiaje kujiona?" mzee aliuliza.

"Vizuri," alisema. Hakusema neno jingine, na kaka akalichukua hilo kuwa ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kujua ni nini kilichompata, na alikuwa amekwisha kuamua kukaa kimya. Angewezaje kusema? Mshambuliaji akikosa nafasi mbele, atapelekwa pembeni. Kiungo atarudishwa nyuma. Kipa hana pa kuhamia. Nafasi ni moja, na aliyeishika huishika mpaka aumie au aanguke. Miaka yote aliyokuwa kwenye klabu ile alikuwa amekula benchi, akabeba mifuko ya mipira, akadaka mashuti ya mazoezi ili wengine wacheze. Goti la Babu lililoumia ndilo lililomwingiza. Babu alikuwa kipa namba moja, mtu mzima aliyeanza kuota mvi ndevuni, na goti lake lilikuwa limekwisha kupona. Kocha alikuwa amesema waziwazi mbele ya timu nzima: Sumaku ndiye anayeanza mechi ijayo, akicheza tena hivyo, goli ni lake, na kama ana tatizo lolote, Babu yupo.

Kwa hiyo hakuwa na tatizo lolote.

Kulikuwa na daktari wa timu, na daktari alikuwa na kipimo. Kila mwanzo wa msimu aliwaita wachezaji mmoja mmoja, akawataka wataje miezi kinyumenyume, wasimame kwa mguu mmoja wamefumba macho, wakariri maneno aliyowasomea. Majibu aliyaweka. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu alipimwa tena, na kama majibu yamekuwa mabaya kuliko yale ya mwanzo, hachezi. Kipimo kizuri. Lakini Babu alikuwa na dawa yake, naye aliwagawia vijana wote walipokuwa wamepanga foleni nje ya mlango.

"Ukiingia humo, kuwa mjinga," aliwaambia. "Kwenye miezi, sahau Julai. Ukisimama kwa mguu mmoja, yumba kama mlevi. Leo ukijifanya hodari, siku ukigongwa utafananishwa na huyo hodari, utawekwa kando. Ukijifanya mjinga leo, siku hiyo utaonekana uko vile vile."

"Na daktari hajui?"

"Daktari anajua mifupa. Mimi namzuga tangu hajaota kitambi."

Walicheka, wakaingia, wakawa wajinga. Sumaku alijiangusha kwa mguu mmoja mpaka akapiga meza, na daktari akamuuliza, "Wewe kijana, akili umeziacha nyumbani?" Korido nzima ilisikia. Ilikuwa raha ya siku ile, na kwa vijana ilikuwa zaidi ya raha. Mtu mkubwa alikuwa amewapa siri ya kazi, kama baba anayempa mwanawe funguo za nyumba.

Sasa ilikuwa zamu ya kuzitumia funguo. Kabla ya siku ya kupimwa Sumaku alijifungia chumbani, akaitazama mechi yake kwenye simu tena na tena, pazia limefungwa kwa sababu mwanga wa dirishani ulimchoma kama sindano nyuma ya macho. Aliisoma kama mwanafunzi anayesomea mtihani. Nani alipiga kona ya kwanza. Beki gani aliteleza. Nani alifunga bao letu, kwa mguu gani. Pale mtangazaji alipoeleza vizuri, alikariri maneno yake yote.

Daktari aliuliza, naye akajibu. Alitaja miezi kinyumenyume polepole, Julai ikampotea kweli, bila kuigiza. Aliposimama kwa mguu mmoja sakafu iliinuka upande mmoja kama jahazi, akashika ukuta. Daktari alilinganisha na majibu ya mwanzo wa msimu.

"Umepata vizuri kidogo kuliko siku ile," alisema akicheka. "Goti la yule mshambuliaji limekusaidia. Kichwa kinauma?"

"Hapana, daktari."

"Kichefuchefu? Mwanga unakusumbua?"

"Hapana, daktari."

"Haya. Ukijisikia vibaya, njoo. Usijikaze kiume, unasikia?"

Alitoka mle, akavuka uwanja wa mazoezi hadi nyuma ya stoo ya mipira, akatapika.

Wiki hiyo aliishi kwa kujificha. Alivaa kofia ya kukinga jua hata ndani ya nyumba. Mama yake alimtuma sukari, akafika dukani akasimama mbele ya muuza duka na pesa mkononi, asijue amekuja kununua nini. Alimpigia simu.

"Mama, ulisema nini?"

"Sukari, mwanangu. Umaarufu umeshakulevya, hata sukari ya mama yako huikumbuki!" Alikuwa anacheka. Nyuma yake walisikika majirani wakicheka pia. Tangu mechi ile nyumba ilikuwa haikauki watu.

Mazoezini aliona mipira vizuri ikija ya chini. Ile ya juu ilikuwa inapasuka vipande viwili karibu na jua. Alichagua kimoja, akakirukia. Mara nyingi alichagua sawasawa.

Siku moja kabla ya mechi ya pili alikwenda kwa kaka kunyolewa. Kaka alifunga mlango, akageuza kibao cha nje, maana wateja wangejaa kumtazama. Alimfunga shuka, akawasha mashine. Mngurumo ulipokaribia sikio, Sumaku alikamata mikono ya kiti.

"Tulia. Nilikuwa nakunyoa hujaota meno." Kaka alipitisha kidole nyuma ya sikio, akasimama. Akapitisha tena, taratibu, kama wanavyofanya vinyozi wanapotafuta kovu wasije wakalikata. "Hapa pamevimba. Mpaka leo?"

"Pamevimba tu kidogo. Hapaumi."

"Hapaumi, na nusura univunjie mkono wa kiti." Kaka alizima mashine. Alimtazama kwenye kioo. "Hebu niambie kitu. Ile penalti. Ulijuaje kwamba atapiga kushoto?"

Sumaku alikuwa na jibu tayari. "Nilikwenda kama mtu aliyeambiwa na mpira wenyewe," alisema. "Nikamngojea, nikamngojea, nikamnyima."

Kaka akavuta kile kiti kibovu, akakaa, mashine mapajani.

"Hayo ni maneno ya mtangazaji," alisema. "Nimeyasikiliza mchana kutwa, kila mteja anayekaa hapo nampigia. Nayajua hata nikilala. Sikukuuliza alisema nini yeye. Nakuuliza wewe."

Sumaku aliyahamisha macho kutoka kwenye kioo.

"Hukumbuki."

"Nakumbuka vingine."

"Kama nini? Niambie kimoja. Nani alikukumbatia wa kwanza? Kwenye simu hakionekani hicho, walikata picha. Mimi nilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu. Nani?"

"Kaka, usinifanyie hivyo."

"Mimi ndiye nakufanyia?" Kaka aliinuka. "Miye nimesimama hapa siku zote hizi kama mpumbavu, nawaonyesha watu goti linavyokuingia kichwani, nawaambia tazameni, tazameni alivyo mwanamume! Nampigia daktari sasa hivi."

"Piga." Sauti ya Sumaku ilibadilika. Alijivua shuka, nywele upande mmoja zimekatwa, upande mmoja bado. "Piga, kaka. Kesho Babu atasimama golini, na mimi nitarudi kubeba mifuko mpaka na mimi niwe babu. Wewe ulipata nafasi ngapi? Mama alipata ngapi? Mimi nimepata hii moja. Nikicheza kesho, mkataba wa kikosi cha kwanza ni wangu, nitapumzika baadaye, nitalala mwezi mzima ukitaka. Ila ukifungua mdomo wako leo, usiniite tena mdogo wako. Naapa. Nitakupita njiani kama nisiyekujua."

"Hata sasa nusu yako hainijui," kaka alisema.

"Niahidi."

Nje mtu aligonga mlango, akauliza kama ni kweli Sumaku yumo. Hawakumjibu. Kaka alikuwa mtu mwenye moyo mwepesi kwa mdogo wake. Alimlea tangu baba yao alipoondoka, na hakuwahi kumnyima kitu isipokuwa kile asichokuwa nacho. Alilikung'uta shuka, akamfunga tena.

"Nimekuahidi," alisema. "Kaa nimalize upande huu. Huwezi kwenda uwanjani umenyolewa nusu kama kondoo mgonjwa."

Siku ya mechi uwanja ulijaa mapema. Babu ndiye aliyekuwa akimpasha Sumaku misuli, maana hiyo ndiyo desturi: kipa wa akiba humpigia mashuti yule anayeanza. Alimpigia ya chini, Sumaku akadaka. Akampigia ya kulia, akadaka. Akampigia moja ya juu, laini, ya kumchangamsha mtoto. Sumaku aliirukia kwa nguvu zote, akakumbatia hewa. Mpira ulidunda hatua mbili pembeni yake.

Jukwaa lilicheka kwa mapenzi. Babu hakucheka. Alikuja polepole, akainama kama anayemfunga kamba ya kiatu.

"Unaona mingapi?"

"Mmoja."

"Dogo, mimi nimekuwa huko ulipo. Nimecheza nikiona makipa wawili upande wa pili. Leo nikitoka nyumbani mke wangu ananiandikia mkononi ninakokwenda. Nenda kamwambie daktari. Nenda mwenyewe, usingoje mtu."

Sumaku alimtazama ndevu zile zenye mvi, glovu mpya alizovaa, goti lililopona. "Ili ucheze wewe."

"Ndiyo, nitacheza mimi. Kwa hiyo usiniamini. Lakini nenda."

"Ukienda wewe," Sumaku alisema, "nitawaambia nani alitufundisha kuwa wajinga. Nitawaambia na vipimo vyako vyote ni uongo, miaka yote. Tutaona nani atakusajili tena. Tuzame wote, Babu, au tukae kimya wote."

Babu aliinuka. Alikuwa na watoto shuleni, na msimu mmoja tu mbele yake, kwa huruma ya watu. Akaokota mipira mmoja mmoja, akaitia kwenye mfuko wa mipira, akaenda zake benchi.

Kipindi cha kwanza kilipita, na kilipita vizuri. Wapinzani walishambulia kwa chini, na ya chini Sumaku aliimudu. Alidaka shuti kali karibu na nguzo, uwanja ukapiga mayowe, na mayowe yale yakamwingia kichwani kama misumari, akatabasamu. Alikuwa ametundika taulo lake jekundu nyavuni, ndani ya goli. Kila mpira ukiwa mbali aligeuka kulitazama, kwa sababu lilikuwa jekundu na lilikuwa limetulia.

Mapumziko yalipokwisha, timu zilitoka. Sumaku alikimbia mbele ya wenzake, akapiga makofi, akaenda moja kwa moja golini, kwenye taulo lake.

Wenzake walikwenda upande wa pili.

Kipa wa wapinzani alikuja taratibu na chupa yake ya maji. Alimkuta Sumaku anapigapiga nguzo kwa kisigino, kama wafanyavyo makipa kabla ya filimbi. "Umesahau taulo, kaka?" alimuuliza. "Lichukue."

"Sijasahau. Niko golini kwangu."

Kipa yule alicheka. "Haya, mcheshi. Tumebadilisha upande. Lako lile kule."

"Lile lako," Sumaku alisema. "Ondoka golini kwangu."

Jukwaa la nyuma ya goli liliona, likaelewa ni mzaha, likalipuka kwa kicheko. Sumaku anamfukuza kipa wa watu golini mwake! Kicheko kilipita jukwaa kwa jukwaa mpaka kikazunguka uwanja. Wakaanza kuimba jina lake. Mwamuzi mwenyewe alikuwa anatabasamu alipomwashiria avuke. Sumaku alipanua mikono, akasimama katikati ya mstari, magoti yamekunjwa kidogo, macho mbele. Alisimama vizuri sana. Kama ungepiga picha ile, ungeifundishia.

Watu wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa kinyozi, aliyekuwa amekaa chini kabisa karibu na uzio. Aliruka uzio. Mlinzi alimshika shati, shati likachanika, akaliacha mkononi mwa mlinzi. Mwingine alikuwa Babu. Aliinuka benchi, akamkamata daktari mkono, akamvuta mpaka wakaingia wote uwanjani bila ruhusa.

"Kipa wako haoni," Babu alisema. "Hajui alipo. Kipimo chako ni uongo. Nilimfundisha mimi."

"Unasema nini?"

"Nimewafundisha wote. Walidanganya mwanzo wa msimu, kwa maneno yangu."

Kocha alifika akihema, hajasikia lolote. "Babu! Vaa glovu, unaingia!"

"Mimi usiniingize," Babu alisema. Alikuwa anavua glovu zake. "Na changu ni uongo. Nipime upya, daktari, unipime kweli. Mpe hizi beki yeyote."

Kocha alimtazama, akamtazama daktari, akaitupa kofia yake chini. Akamwita beki wa akiba, ambaye aliingiza vidole kwenye glovu zile kama mtu anayevaa viatu vya marehemu.

Kicheko kilikuwa kinakufa. Kilikufa kwanza nyuma ya goli, ambako waliweza kumwona uso, kisha pembeni, kisha mbali. Mahali pengine bado walikuwa wanaimba.

Kaka yake alimfikia akiwa kifua wazi. Sumaku alikuwa amehama katikati. Alikuwa ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema kwa furaha. "Afadhali umekuja. Waambie hawa. Hili ni langu."

"Twende nyumbani, mdogo wangu."

"Mechi haijaisha."

"Kwako imeisha."

Sumaku alimtazama. Kitu fulani kikapita machoni mwake, kikawa wazi, kikawa kikali. "Uliniahidi," alisema.

"Nilikuahidi."

"Kwa hiyo umesema."

"Sikusema. Nilikaa kimya kama ulivyotaka. Jana yote, na leo asubuhi, na kipindi kizima." Kinyozi alisogea karibu. "Achia nguzo."

"Nikiachia, sitairudia."

Kaka hakumwambia kwamba atairudia. Daktari alikuwa nyuma yao na machela, na mwamuzi alikuwa akitazama saa, na upande wa pili wa uwanja beki wa akiba alikuwa ameshasimama golini, akipima mikono yake hewani.

"Achia, mdogo wangu."

Hakuachia. Kaka akashika mkono wa kulia, akaanza na kidole kidogo.